Shimo la swimming pool aliloniachia mume wangu nyuma ya nyumba

Wakuu, habari zenu. Na nyinyi wa "niaje" pia nimewaona, karibuni.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe na sijayatia chumvi. Mwenye kutafuta picha za bustani za kifahari apite tu, hapa hazipo.

Mimi ni mshonaji nguo, Machakos mjini. Mume wangu, Mutuku, alikuwa fundi wa swimming pool. Alizijenga za watu huko Syokimau na Mavoko, akirudi nyumbani na saruji hadi kwenye kope, na yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Nilikuwa namtania kwamba atakuja kuzama kwenye beseni.

Ploti yetu ni ndogo na inateremka. Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya nguo, mpapai na kuku. Hapo ndipo Mutuku alipomwahidi binti yetu Mwende pool yake, ndogo, maji yamfike kifuani.

Kila jioni alichimba kidogo. Ardhi yetu ni murram ngumu, kwa hivyo alitumia sururu. Majirani walicheka sana. Ukambani watu wanapanga mitungi foleni, huyu anachimba pa kuogelea!

Akamaliza kuchimba. Kisha akaugua ghafla, na kabla hatujaelewa ni ugonjwa gani tukawa tunampeleka kwao Kola kumzika.

Niliporudi mjini nilikuta shimo linaningoja.

Wakuu, nililichukia. Umbo lake sitaki kulieleza, mliowahi kuzika mnanielewa. Nilihamisha hata kamba ya nguo nikaifunga upande wa mbele, nisilitazame.

Mwende akafanya kinyume changu. Akitoka shule anatupa begi, anateremka humo kwa ngazi ya babake, anakaa. Homework humo. Chai humo. Nikimwita anaitika kwa adabu, lakini hatoki.

Nikampigia simu Mwaitu. Ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu, ni "mama" kwa Kikamba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama Mwende," akasema, "shimo haikai wazi kwa boma yenye imetoka matanga. Itaita mwingine. Hiyo tutakuja kufukia."

Mnajua mambo ya wazee, kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Hili halikuwa kaburi, lakini sikubishana. Kusema kweli nilifurahi kwamba kuna mtu ameamua badala yangu.

Jumamosi alifika na akina mama wa mwethya wake, kile kikundi cha kusaidiana kulima na kuchimba matuta kwa zamu. Walikuja na majembe na makarai yao. Nilisimama mlangoni nikasema moyoni, lifukiwe, tuendelee na maisha.

Tatizo likawa moja. Mwende alikuwa ndani, na alikataa kutoka.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa ameegemea ukuta, daftari mapajani. "Susu," akamwambia nyanyake, "mkitaka kumwaga mchanga mwageni. Mimi niko tu hapa."

Wale akina mama wote wakanigeukia mimi.

Mwaitu akavua viatu, akaanza kuteremka ngazi polepole, maana magoti yake si mazuri. Nilidhani anaenda kumshika mtoto mkono amtoe. Alipofika chini alishika ukuta asianguke, na mkono ukabaki hapo hapo.

Alikuwa anazipapasa alama za sururu. Zilikuwa zimelala upande wa pili, tofauti na za mafundi wengine, kwa sababu Mutuku alitumia mkono wa kushoto.

"Asi!" akasema. "Hii ni mkono ya mtoto yangu. Mimi ndio nilimfunza kuchimba, huko Kola. Na vile nilikuwa namgombanisha juu ya hiyo kushoto yake!"

Akaketi kando ya Mwende, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe. Kule mazishini hakuwa amelia, alikuwa anahangaika na wageni. Nami nikashuka. Tulikaa wote watatu ndani ya shimo, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia hadi nikaumwa na kichwa.

Alipopanda juu aliwaambia wenzake, "Hatufukii. Hii mchanga tupeleke kwa mteremko."

Basi wakafanya kazi wanayoijua. Walikata matuta upande wa juu, wakachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yasije yakabeba udongo hadi kwenye pool, wakapanda nyasi ya kuushika. Baadaye Mwaitu akaleta mishubiri kutoka Kola, nikaipanga kando ya njia.

Kwa mliofungua uzi huu kutafuta ushauri wa bustani, haya nayajua sasa: shughulikia mteremko kwanza, maua yatangoja. Usipande mti wa kumwaga majani karibu na maji, utayachota hadi uchoke. Na uzio wenye geti la kufuli si urembo, ni lazima. Watoto ni watoto.

Kumalizia pool alikuja Kioko, aliyekuwa akifanya kazi na Mutuku. Alifunga waya kwenye kuta, akachanganya plasta. Mwende alimsimamia kama foreman. Lakini alama zilipoanza kufunikwa, uso wake ukabadilika.

"Uncle Kioko, unafuta baba."

Kioko akaweka mwiko chini. "Sifuti. Ukuta ikiwa laini, plasta inateleza inaanguka. Baba yako aliiwacha hivi makusudi. Hizi alama zake ndizo zinashika kila kitu."

Mwende alifikiri kidogo, kisha akamsogezea karai.

Mvua ilipokuja tulielekeza maji ya paa humo, tukatia dawa. Wale majirani waliocheka sasa ndio wanaoleta watoto. Mwaitu akija kututembelea huketi ukingoni, miguu ndani ya maji.

Somo langu ni hili. Vitu vya marehemu vikikuuma, usikimbilie kuviondoa kabla hujauliza ni nani mwingine nyumbani anavihitaji. Mimi sikuuliza, na kidogo tu ningefukia.

Kama nawe uliachiwa kazi ya mtu iliyoishia katikati, tuambie hapa chini uliifanyaje. Wa kuniuliza bei ya tiles, sina tiles.

Juzi Mwende alikuwa anajifunza kuelea, mkono mmoja umeng'ang'ania ukuta. Nikamwambia auachilie, hatazama, nimemshika.

Akasema, "Ngoja kwanza, mum. Bado nimeshika baba."