Mbao Mbili za Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka, alipikia wagonjwa hospitalini miaka kumi na tisa, na masharti ya kule aliyaleta nyumbani. Jikoni kwake palikuwa na mbao mbili za kukatia: mmoja, uliofungwa kamba nyekundu, wa nyama mbichi, mwingine wa vitu vinavyoliwa bila kupikwa. Kiporo alikichemsha mpaka kitokote. Ukiingia hujanawa, hushiki hata kijiko.

Tulimwita Bibi Sabuni, na jina hilo nililitunga mimi. "Tumekula vumbi tangu utotoni na bado tunadunda," nilimwambia. Alicheka tu, akanisogezea maji ya kunawa. Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Mama yetu alipotoka kupasuliwa tumbo alikataa kuja kwangu. Alitaka kuuguzwa na Bibi Sabuni.

Jumapili moja nilikwenda kumjulia hali. Wifi alikuwa chumbani anamwogesha, nami nikajitia kusaidia jikoni. Nikakata kuku. Ubao nikaupangusa kwa kitambaa, nikakatia nyanya na matango hapo hapo. Ubao wa pili niliuona, umeegemea ukutani. Sikusahau, ulikuwa ukaidi tu.

Sisi wengine tumbo lilitusokota siku mbili likatulia. Mama alitapika na kuharisha, na siku ya tano tulimzika. Daktari alisema vijidudu vya kuku mbichi viliingia kwenye chakula.

Kaka aliuliza mbele ya ndugu wote, "Jumapili ile nani alikata vile vyakula?"

Wifi alinitazama, akanisubiri. Mwishowe akasema taratibu, "Muulize dada yako."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilikuwa chumbani namwogesha mama."

Walioweza kubisha walikuwa wawili, na mmoja tulishamzika. Shangazi akaguna. Kaka akamgeukia mkewe. "Miaka yote unatusumbua na sabuni, kumbe uzembe umemwekea mama yangu."

Wiki ile ile wifi aliondoka na begi moja.

Sasa kaka anakula kwangu kila siku. Akimaliza hunishukuru. "Afadhali mkono wa ndugu yangu," husema, "huu angalau naujua." Nami namwongezea mchuzi.