Gemu la Yule Dada wa Ukutani

Nilitoka Songea na ndoo moja ya brashi, nikafika Same na ndoo ileile na shingo iliyogoma kugeuka. Basi lilipita Makambako, likashuka Iringa, likapumzika Morogoro, likafika Chalinze na kushika njia ya kaskazini. Baada ya Korogwe milima ilijipanga upande wa kulia na haikuondoka tena. Kushoto kulikuwa na mkonge, kisha nyika tupu. Hedaru tulisimama gurudumu libadilishwe, upepo ukaurusha mfuniko wa ndoo yangu, nikabaki nakimbiza brashi barabarani kama mtu anayekamata vifaranga, huku abiria wakinishangilia. Nimeingia miji mingi katika maisha yangu ya kuhamahama. Same peke yake ndio mji ulionipora kabla sijafika.

Kazi yangu ni kuchora kuta. Vichwa vya wanaume kwenye kuta za vinyozi, kuku wa kukaanga, mifuko ya saruji, ramani ya Afrika kwenye shule. Elimu yangu iliishia kidato cha nne. Kuchora nilijifunza kwa kusimama nyuma ya mtu aliyekuwa anachora. Same niliitwa na mwenye nyumba ya wageni, na nilipofika nikakuta ukuta wake umeshachorwa na mwingine: twiga wawili wenye nyuso za mbuzi. Aliniomba radhi na kunipa chumba nipumzike. Kesho yake nikachukua ndoo, nikaanza kutembea mjini nikitazama kuta.

Karibu na mahali magari ya milimani yanapopakia, mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni mwa fremu ya duka aliniita.

"Fundi, unachora watu, au twiga tu?"

"Wale twiga si wangu, dada."

"Nashukuru Mungu. Ingia."

Duka lake lilikuwa la gemu. Alikuwa na CD kwenye makava yake, mashine zilizotumika, na kompyuta ya kuwaingizia watu magemu kwenye simu. Nyuma aliweka benchi mbili na televisheni, mteja ajaribu kabla ya kununua. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mzaliwa wa Mamba, kule juu kwenye tangawizi, na alikuwa amevaa sketi ndefu iliyofagia sakafu. Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Fremu ni ya mjomba wake, kaka wa mama, mzee wa kanisa huko mlimani. Amempa msimu mmoja. Tangawizi ikishavunwa yote, mzee atashuka aone kwa macho yake. Akikuta duka lina watu, ataendelea. Akikuta tupu, fremu inakwenda kwa muuza mbolea.

"Na kila nilichokuwa nacho kiko humu ndani," alisema. "Nikirudi mlimani na CD hizi, nitazipanda?"

Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Jirani mmoja naye aliuza magemu, na dirisha lake lote alilipamba kwa makava ya wanawake: wenye mapanga, wenye bunduki, wenye vipande viwili vya nguo na jasho ambalo halikuwa la kazi yoyote ninayoijua. Vijana walijaa mbele ya dirisha lile. Jirani alikuwa mcheshi, hakuwa na chuki, na alipoona nimekuja na ndoo alivuka barabara kutufundisha biashara.

"Mwanamume akiona paja," alisema, "anasahau alichokuja kununua."

"Akisahau alichokuja kununua," mwenye duka akamuuliza, "ananunua nini?"

"Chochote nitakachomshikisha."

Mimi niliona jirani anasema kweli. Nimechora kuta zaidi ya nusu ya umri wangu. Najua jicho linakotangulia. Mwenye duka alikuwa na mashaka, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa kaunta na kuona mikono. Alinionyesha jambo ambalo nisingeligundua. Kijana akija kununua gemu la kava la namna ile, hulileta kaunta limelala kifudifudi, chini ya gemu la mpira, kama mtu anayenunua dawa ya minyoo. Na wiki haiishi, lile la mpira linabaki nyumbani, hili la kifudifudi linarudi: "Dada, nibadilishie, hili halina kitu."

"Kwa hiyo kava linauza," nikasema.

"Linauza mara moja. Mimi nataka arudi."

Hata hivyo msimu ulikuwa unakimbia, na mwenye njaa hachagui jiko. Akaniambia nimchoree mwanamke kwenye ukuta wa nje, mkubwa kuliko wote wa jirani. Alinipa kava la gemu moja la mapigano nilifuate. Nikachora mpiganaji mwenye fimbo, mabega wazi, kiuno cha nyigu, sketi fupi nyekundu, na miguu mirefu laini kama mishumaa. Nilijivunia. Siku ya pili watu walisimama. Vijana wa bodaboda walipiga naye picha, wakiita "pisi kali, pisi kali", yaani mrembo asiye na mfano. Vijana wa wafugaji kutoka tambarare waliegemea fimbo zao halisi wakijadili jinsi alivyoishika ya kwake.

Ndani ya duka hakuingia mtu. Wateja wake wa zamani, walimu na mama waliokuwa wakinunulia watoto gemu la magari, walipita upande wa pili wa barabara. Kijana wa Usangi aliyezoea kuja kila alipokuwa mjini alimwambia kwa simu kwamba hawezi kuonekana anaingia chini ya picha ile. Stendi ina macho, na habari hupanda mlima kabla ya gari. Waliobaki nje walitazama bure, wakatosheka.

Kilichoimaliza picha ile hata hivyo hakikuwa aibu. Mama mmoja wa makamo, aliyeshuka na tangawizi, alitua mzigo kivulini mwa ukuta kusubiri gari la kurudi. Akainua macho, akamtazama mpiganaji wangu kutoka juu hadi chini kama anayekagua mchumba wa mwanawe.

"Huyu binti," akasema kwa sauti ya kawaida tu, "akitumwa maji, atarudi mwaka gani?"

Vijana wakacheka.

"Si kwa ubaya," akaongeza. "Naona tu miguu hiyo haijawahi kupanda mahali."

Basi, ikawa imekwisha. Tangu saa ile hakuna aliyeweza kumtazama yule dada bila kumwonea huruma. Mmoja anauliza atafikaje Mamba, mwingine anamjibu atabebwa kwenye machela. Nimeona picha zikifutwa na mvua, na jua, na wivu wa wachoraji. Hiyo ilifutwa na sentensi mbili.

Mwenye duka hakucheka wala hakulia. Alikaa kaunta muda mrefu akiwasikiliza walio nje. Kisha akaniita.

"Hawajasema nguo zake mbaya. Hawajasema sura. Wamesema miguu."

"Ndiyo."

"Basi tubadilishe miguu."

"Nichore ya nani?"

Akatazama mlangoni, akarudisha pazia la chumba cha benchi, akapandisha ile sketi ndefu hadi magotini. Hapo nikaelewa kwa nini tangu nifike sijamwona na nguo fupi. Alikuwa na vigimbi, nyama nene ya nyuma ya mguu anayoipata mtu aliyebeba maji na kuni mlimani tangu utoto. Mjini watu huvitania vigimbi vya wanawake. Alikuwa amevificha miaka yote aliyoishi bondeni.

"Wakivicheka na hivi?" nikamuuliza.

"Watakuwa wamenicheka mimi, si wewe. Chora."

Nilichora siku mbili. Miguu ni kazi ngumu kuliko uso. Uso unaweza kudanganya, mguu unabeba. Niliacha sketi nyekundu, nikaacha mabega wazi. Nilibadilisha kuanzia magotini kwenda chini, na nilipomaliza nikagundua kiuno cha nyigu hakiwezi kukaa juu ya miguu ile, nikakipanua. Mkono ulioshika fimbo nao nikaunenepesha. Mwishowe alisimama ukutani mwanamke ambaye hakuwa wa kava lolote duniani.

Hapo niliona kitu nisichokitarajia. Vijana walisimama tena, lakini hawakupiga kelele. Mmoja wa Ndungu, mwenye baiskeli iliyopakia mchele, alisimama akitazama mpaka mwenzake akamsukuma.

"Oya, twende."

"Subiri. Huyu namjua."

"Unamjua wapi?"

"Sijui. Namjua tu."

Akaegesha baiskeli, akaingia. "Dada, nataka gemu la yule dada wa ukutani."

Gemu hilo halikuwepo. Kabla jua halijazama waliingia wengine wakitaka hilohilo. Wengine walijua ni picha tu, wakaulizia kwa mzaha; wengi waliuliza kwa dhati. Mwenye duka alinigeukia kwa uso wa mtu ambaye wageni wameshafika na sufuria ni tupu. Jirani angewashikisha chochote. Yeye alikataa, kwa sababu alijua watarudi na CD kifudifudi.

Aliwaambia ukweli. "Halipo. Ila lipo la mieleka ambalo unamtengeneza mpiganaji mwenyewe. Kaa umtengeneze."

Gemu lile lilikuwa limelala kabatini kwa kukosa mnunuzi. Kava lake lilikuwa la mwanamume mwenye kipara. Ndani yake mchezaji alichagua kila kitu: urefu, mabega, rangi, nywele, unene wa mguu. Kijana wa Ndungu akakaa kwenye benchi, akaanza. Nyuma yake wakajipanga wengine, wakimwelekeza.

"Ongeza kigimbi."

"Kimetosha."

"Hakijatosha, huyo bado ni wa mjini."

"Mwachie, anamchora mkewe."

"Sina mke."

"Ndiyo maana unamchora."

Mchana mzima hakuna aliyepigana hata raundi moja. Na walinunua. Waliliweka kaunta likiwa limetazama juu, lile kava la mwenye kipara, wakatoka nalo mkononi mbele ya stendi nzima. Wiki zilizofuata halikurudi hata moja. Waliorudi ni wao wenyewe, kubishana nani amemtengeneza vizuri zaidi. Walimu nao wakarudi, kwa kuwa ukutani walimwona mtu wanayeweza kumwamkia.

Nimeulizwa mara nyingi, katika miji niliyokaa baadaye, kama ni kweli uzuri wa mwanamke unauza magemu. Nasema unauza, na anayebisha hajakaa dukani. Lakini ule wa makava ulitengenezwa na watu wa mbali kwa macho ya mbali. Mtu huuangalia kama anavyoangalia gari la kifahari likipita: anageuza shingo, kisha anaendelea na njia yake. Kinachomfanya aingie na kukaa ni kile anachodhani amewahi kukutana nacho akienda kisimani.

Tangawizi ikaisha, na mjomba akashuka. Nilikuwa juu ya ngazi nikigusia rangi. Alikuja na koti zito na kofia, akasimama mbele ya ukuta bila kusalimia mtu. Duka lilikuwa limejaa, na wote walitoka nje kutazama. Mwenye duka akaja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Siku ya msaragambo, tukitengeneza barabara kijiji kizima, watu wazima wameniambia mbele ya wenzangu kwamba ukutani mwangu pana mwanamke aliye nusu uchi."

"Ndiye huyo, mjomba."

Akasogea. Akavaa miwani. Akaikazia macho miguu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa usawa wa macho yake, akakaa hapo muda mrefu hata nikashuka ngazi moja.

"Miguu hii ni ya nani?"

Mwenye duka angeweza kunisukumia mimi.

"Ni ya bibi, mjomba."

Bibi yake ndiye mama wa huyo mzee. Mzee akaweka kidole chini ya goti la ukutani.

"Mama alikuwa na kovu hapa. Jembe."

"Mimi sina kovu, mjomba."

Akamtazama mpwa wake, akatazama sketi yake ndefu, akaelewa. Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya koti. Alikuwa anacheka, kicheko cha chini cha watu wasiopenda kuonekana wakicheka.

"Nikisema ifutwe nitakuwa nimemfuta mama," alisema. Kisha akanigeukia. "Fundi, mfunike mabega. Kule juu kuna baridi."

Fremu akamwachia. Siku hiyohiyo nilimchorea yule dada kitenge mabegani. Kijana mmoja wa bodaboda alilalamika kwamba nimewaharibia, kisha akaingia kumalizia mpiganaji wake. Mauzo hayakutikisika.

Jirani naye alinitaka nimchoree mwenye vigimbi. Nikamuuliza, vya nani? Akasema, vya yeyote. Nikamwambia vya yeyote sichori.

Mzee aliposhuka tena aliniuliza kwa upole kama ukuta umekauka. Nililielewa swali. Kwao, mwanamume aliyetazama miguu ya binti wa watu kwa siku mbili ana njia mbili, kupanda mlima na wazee wake kuposa, au kufunga ndoo yake. Jioni nikamwambia mwenye duka kwamba naweza kupanda.

Aliacha kupanga CD. "Ungekaa?"

Nilichelewa kujibu. Sikuchelewa sana, lakini yeye alizoea kusoma watu kaunta.

"Unaona," alisema, bila hasira. "Wewe ukuta ukiisha, umeshaondoka."

Nikaondoka asubuhi, siku ya mnada, kwa basi la Arusha. Nilipita dukani kuaga. Benchi zote zilikuwa zimejaa na waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa. Mtu alikuwa anadai kwamba goti la mpiganaji wa mwenzake limegeukia nyuma. Mwenye duka alikuwa amevaa sketi ya kuishia magotini. Aliniona juu ya vichwa vyao, akainua mkono, kisha akageuka kumsikiliza mama mmoja aliyekuwa anaulizia gemu la magari.