Karatasi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kijijini kwetu Misigiri kutoka chuo kikuu tukiwa tumeshavuna alizeti. Aliniamkia, "Shikamoo dada," kisha akafungua begi na kutoa kitu chembamba, kinachong'aa kama nailoni.

"Hii ni karatasi," akasema. "Nimeitengeneza kwa mabua ya alizeti ya shamba letu."

Darasani mimi ndiye niliyekuwa naongoza, tangu utotoni. Baba alipofariki, nilibaki kulima na kufundisha sayansi shule ya msingi hapa kijijini, ili yeye asome.

Mjomba, ambaye maisha yake yote amefunga ng'ombe kamba, aliivuta karatasi ile hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Haikuchanika. Mama akapiga vigelegele. Mimi sikumbuki kupigiwa.

"Imekuwaje ngumu hivyo?" nikauliza.

Akaeleza bila maringo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mabua huchemshwa kwa magadi makali na kusafishwa mpaka zibaki nyuzi nyeupe za selulosi, zile zinazoupa mmea uimara. Kisha mashine huzichambua mpaka ziwe nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Uji wa nyuzi hizo huchujwa, hukandamizwa na kukaushwa. Nyuzi zikikauka hung'ang'aniana kila upande.

Nilichukua kipande kimoja nikakitumbukiza kwenye bakuli la maji. Baada ya muda kikavimba, kikalegea, nikakichana kama chapati. Nilifurahi, siwezi kuficha. Mama aliniangalia tu, akaingia jikoni.

"Hapo ndipo nilipokwama," mdogo wangu akasema taratibu. "Ikiloa inaishiwa nguvu. Dada, ungekuwa na mimi maabara, tungefika mbali."

Kesho yake nikatwanga mabua kinuni, nikayachemsha, nikachuja kwa wavu wa dirisha na kukandamiza kwa mawe. Karatasi yangu ikatoka nene, ya kijivu, yenye mabonge. Mjomba akaichana kwa vidole viwili.

"Kinu hakiwezi kuchambua kama mashine, dada. Si kosa lako," mdogo wangu alinifariji.

Sikutaka kufarijiwa.

Mdogo wangu aliporudi chuoni, Mama alibandika karatasi yake ukutani, karibu na kalenda. Yangu akafunikia kopo la chumvi.

Juzi mdogo wangu alipiga simu. Yeye na wenzake wameipaka karatasi yake nta, sasa inastahimili maji kidogo, na chuo kinampeleka nje ya nchi akaendelee na utafiti. Mama aliruka, akaniwekea simu sikioni.

"Hongera, mdogo wangu," nikasema.

"Asante dada. Nakutegemea unitunzie Mama."

Nilimrudishia Mama simu, nikatoka nje nikakaa nyuma ya zizi. Nampenda mdogo wangu. Nikiambiwa anaumwa, nitapanda basi la kwanza. Lakini Mama aliponiita kula, nilitazama ugali na mlenda, nikasema nimeshiba.