Mjukuu wangu anachunguza jeni za kansa ya ubongo na stroke, wifi yangu akazitumia kumvunjia posa

Wakuu, habari za huko mliko. Huwa nasoma tu nyuzi za wenzangu nikapita. Leo nina langu, na nitalisema kama lilivyotokea, silipaki rangi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Deira, hapa Dubai, na mkwe wangu, mjane wa mwanangu, pamoja na mjukuu wangu Salma. Darasani sikukaa sana, kwa hiyo wasomi mkiona nimekosea, rekebisheni kwa adabu.

Mume wangu alikufa kwa stroke. Baadaye mwanangu, baba yake Salma, akafa kwa kansa ya ubongo.

Wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, akasema wazi matangani kwamba nimewala mimi. Tangu hapo kwa nusu ya ukoo mimi ni mchawi.

Salma alipokua akachagua kusoma bioinformatics. Nilivyoelewa mimi, hospitali za nchi mbalimbali zinaweka data za wagonjwa mtandaoni, bila majina. Yeye anachukua za wenye kansa ya ubongo na za wenye stroke, anazipitisha kwenye kompyuta, anatafuta jeni zilizovurugika kwa wote. Zikipatikana, huenda siku moja madaktari wakapata dalili ya mapema, au dawa.

Huenda. Hilo neno mtoto haliachi.

Majibu yalipoanza kuonekana nikamwambia, "Basi waambie ukoo ulikuwa ugonjwa wa damu yao, bibi yako asafishwe."

Akasema, "Bibi, hao ni wagonjwa wengine kabisa. Babu na baba hakuna aliyewapima jeni. Siwezi kusema nisichokijua."

Iliniuma, sifichi. Ila alisema kweli.

Idi ikafika, Zuhura akaja kutuamkia. Akamkuta Salma na laptop, akauliza ni kitu gani. Mtoto akamweleza kwa heshima zote.

"Kwa hiyo kansa na stroke ni ndugu?"

"Kuna jeni zinazoonekana kotekote, bibi. Lakini si habari ya ukoo wetu."

"Khalas, nimeelewa."

Alielewa alichokitaka.

Haikupita muda ikaja posa. Kijana wa kwetu, yuko kwenye kampuni ya cargo hapahapa Deira, mpole, na Salma kamridhia. Mnajua kwetu kabla ya kuoa watu huulizia ukoo. Mama yake kijana akaenda kumuuliza Zuhura, nyumbani kwake mtaa wa International City.

Aliporudi kwetu uso ulikuwa mwingine.

"Binti tunampenda," akasema, "ila tunafikiria watoto watakaozaliwa. Akapime hizo jeni. Akionekana hana, tunaendelea, inshallah."

Salma akamjibu taratibu, "Mama, hizo jeni kila mtu anazo. Tofauti ni zinavyofanya kazi ndani ya mgonjwa. Hata wewe unazo. Hata mwanao."

Mama wa watu akasimama. "Mwanangu ana kansa?"

Salma akajaribu kueleza tena, mwenzake yuko mlangoni anavaa viatu. Chai hakuigusa.

Kijana akapiga simu, akasema hawezi kumvuka mama yake. Salma akamwambia sawa, akafunga mlango wa chumba chake.

Mimi nikapanda basi mpaka International City. Zuhura nikamkuta jikoni.

"Zuhura, zamani nilikuwa mchawi, leo nina damu mbaya. Aliyeanguka kwa stroke ni kaka yako, mmenyonya ziwa moja. Hiyo damu ya nani? Na huyu uliyemharibia ni mjukuu wa kaka yako."

Hakuacha hata kumenya vitunguu.

"Kaka yangu alikuwa mzima mpaka alipokuoa wewe."

Nikavuta mtandio wangu nikaondoka.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mtu aliyezoea kutafuta wa kumlaumu, ukimpa elimu anakwenda kuitumia kulaumia. Sasa Salma akiulizwa na ndugu anasomea nini, nimemwambia ajibu "kompyuta", basi.

Wenye mabinti wanaosoma mambo kama haya, nyinyi ndugu mnawaambia nini? Nataka kujua.

Na mtakaokuja kunishauri nimsamehe wifi, andikeni tu. Nitasoma. Kujibu sijibu.