Bendera Iliyomfunga Baba

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa karibu kila sare ya shule iliyokuwa ndefu kupita kiasi ilipunguzwa na mikono yake. Alikuwa fundi cherehani kama baba yake. Ukutani mwa chumba chake cha kazi, ndani ya fremu ya kioo, ilikuwapo bendera ya serikali ile ya zamani, iliyokuwa ikiwatoa watu vitandani na kuwapeleka kusikojulikana. Chini yake aliandika kwa rangi nyekundu: "Hii ndiyo iliyomfunga baba yetu."

Baba aliamriwa kuzishonea ofisi za serikali hiyo bendera, na moja akaishona nyota ikaangalia chini. Alikosea au alikusudia? Hawakumpa hata nafasi ya kueleza. Siku waliyomchukua waliitupa ile bendera mlangoni, mkewe akaiokota. Baba aliporudi, miaka ilikuwa imepita na mkono wake wa kulia haushiki tena sindano.

Kwa hiyo vijana walipoanza kuiuza bendera hiyo sokoni, kwenye fulana na kofia kama pambo, Mama Pindo alikuwa wa kwanza kupiga kelele. Alikwenda hadi redioni. Serikali ilipopiga marufuku kuionyesha na kuiuza, alifurahi mno, akawanunulia soda mafundi wenzake wote.

Wiki haikuisha, askari wawili wakaingia akiwa anampima mteja kiuno.

"Mama, hiyo ishushe," mmoja alisema.

"Mwanangu, umesoma maandishi ya chini yake?"

"Nimesoma. Lakini sheria inakataza kuionyesha."

"Mimi siionyeshi. Naishtaki."

Askari alimtazama mwenzake, kisha akapanda kwenye stuli akaishusha mwenyewe waondoke nayo.

Mdogo wake, kinyozi wa mlango wa pili, alikuja na kitana mkononi. "Dada, waachie. Ni kitambaa tu. Baba tulishamzika."

"Wewe ulikuwa bado mtoto mdogo," alimjibu. "Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati. Baba mzima, fundi, anafungwa vifungo na mtoto."

Kesho yake alikwenda ofisi ya serikali kulalamika. Afisa alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti.

"Nakuelewa, mama yangu. Lakini nikikuachia wewe, yule muuza fulana naye atakuja na fremu, aseme ana kumbukumbu yake. Nitajuaje?"

"Kwa kuuliza. Kwani kuuliza kuna ugumu gani?"

"Sheria imeruhusu makumbusho tu. Unaweza kuomba kibali cha makumbusho."

"Nina chumba kimoja na cherehani moja."

"Basi, mama, hapo mimi sina la kufanya."

Mama Pindo aliona hoja ya yule kijana haikuwa ya kijinga, na hilo lilimchoma zaidi. Aliandika rufaa. Jibu lilipokuja, lilisema bendera yake ilikwishateketezwa pamoja na bidhaa nyingine haramu. Waliichoma kwenye pipa nyuma ya kituo cha polisi, rundo moja na kofia za wahuni. Njiani kurudi alipita sokoni. Fulana zilikuwapo zile zile, ila sasa zinatolewa chini ya meza, na bei imepanda.

Alipomweleza mdogo wake, kinyozi aliizima mashine, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu.

"Wameichoma bila hata kutuita?"

"Si ulisema ni kitambaa tu?"

Kinyozi alisimama pale akiipangusa mashine kwa taulo, akaipangusa tena.

Sheria ilipotimiza mwaka, redio ilimwita Mama Pindo aje kuisifu. Akaenda.

"Niliwaomba muiondoe mabegani mwa wasiojua," alisema, "nyinyi mkaiondoa ukutani kwa anayejua. Na aliyemvunja baba yangu mkono bado anaishi mjini hapa, anakula pensheni, mnamwamkia shikamoo. Yeye mmempiga marufuku lini?"

Mtangazaji aliweka muziki. Mama Pindo aliendelea kuongea na kipaza sauti kilichozimwa mpaka fundi mitambo alipomfungulia mlango.

Nyumbani alimkuta mdogo wake ameketi kizingitini kwake.

"Tumekusikia, dada. Wamekukata."

"Wapi?"

"Kwenye pensheni."

Alisonya. Aliingia ndani, akavuta sketi ya mteja na kukanyaga cherehani kwa nguvu, akiwa bado anamalizia sentensi yake kwa sauti, na kinyozi akaingia kumsikiliza.