Ng'ombe Aliyepelekwa na Mashahidi

Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa na karakana ya ushirika ikafa, halmashauri ilianza kutoa zabuni za madawati kwa mafundi binafsi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na karakana ndogo hapa Bariadi, jirani na soko. Vitanda havikuwa vinanunuliwa, maana wakulima walikuwa bado wanasubiri malipo ya pamba. Mdogo wangu alishasema wazi: tukikosa madawati, anakwenda Lamadi, kule ziwani, kuunda mitumbwi. Nilitaka abaki. Mkono wake kwenye randa ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Afisa aliyeshika zabuni alikuja mwenyewe karakanani, akalikalia dawati la mfano, akajitikisa.

"Kazi nzuri, fundi. Hili halilii."

"Tunashukuru, mzee."

"Nimejenga zizi nyumbani, liko tupu. Kwenu Mwamapalala ng'ombe wapo. Niletee mmoja nikutunzie."

Kwetu Wasukuma kumwekea mtu ng'ombe ni jambo la kawaida. Yeye anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako, akifa unaletewa ngozi uione. Ila huyu aliomba huku zabuni yangu iko mezani kwake. Lazima niseme pia kwamba hakutamka neno lolote baya. Labda alipenda maziwa tu. Hapo sijapata uhakika hadi leo.

Alipoondoka, mdogo wangu alisema, "Mpe, kaka. Wenzako wanaombwa bahasha, wewe umeombwa kwato."

"Na mwakani?"

"Mwakani zizi litakuwa limejaa."

Nikaenda Mwamapalala kwa baba mdogo, ambaye ng'ombe wangu walikuwa kwake. Nilimwambia kuna afisa ameomba kutunza ng'ombe, basi. Habari ya zabuni sikuigusa. Niliona aibu, au pengine nilitaka yeye aamue bila kujua anaamua nini.

"Mashahidi ni akina nani?" akauliza.

"Hakutaja."

"Huyo amekulia wapi? Ng'ombe hatolewi zizini kama ameibwa."

Akaita wazee wawili majirani, tukamswaga ng'ombe mwenye mabaka mpaka Bariadi. Tulifika kwa afisa asubuhi, majirani zake wako nje wanafagia. Baba mdogo akasalimia, "Mwangaluka," kisha akapaza sauti kama desturi inavyotaka:

"Ng'ombe huyu ni wa mwanangu huyu, fundi wa madawati. Ana mabaka, sikio la kushoto limekatwa. Akizaa, utuite. Akifa, tuletee ngozi."

Mafagio yalisimama. Afisa alinitazama mimi, si ng'ombe. Lakini naye ni Msukuma, hakuweza kukataa mbele ya wazee.

"Nimepokea, baba," akasema.

Zabuni alipewa fundi mwingine. Madawati yake nimeyaona, ni imara, na huenda bei yake ilikuwa chini ya yangu. Siwezi kuapa kwamba mashahidi ndio walioniponza. Mdogo wangu alitia randa na misumeno yake kwenye gunia.

"Ungempelekea na ngoma kabisa," akaniambia. Tukacheka kidogo, akapanda gari la Lamadi.

Afisa alipopata uhamisho, alituma tuje na mashahidi wale wale. Ng'ombe alikuwa amenona, pembeni yake mtamba aliyemzaa, keshaacha kunyonya. Na desturi iko hivi: aliyetunza vizuri haondoki mikono mitupu.

"Sema wewe," baba mdogo akaniambia. "Mali ni yako."

Afisa alikuwa anafunga godoro kwenye lori, hatazami upande wetu. Hakuwa tena na zabuni ya kunipa wala ya kuninyima. Nilifikiria benchi la mdogo wangu lililokuwa limejaa vumbi. Halafu nikautazama tena ule mgongo wa ng'ombe, hauna kupe hata mmoja.

"Mtamba ni wake," nikasema.

Habari zilipomfikia mdogo wangu, aliniuliza kwa nini basi sikumpa ng'ombe kimya kimya wakati ule, tukapata kazi. Nikamwambia kwamba wakati ule afisa alikuwa hajatunza kitu.