Magauni ya Mama

Ninyi vijana, wekeni simu chini msome. Leo mkwe wangu anafua, na harufu ya sabuni ya mche imenikumbusha mkeka wa shangazi, wiki tuliyomzika mama kibanjani, shambani kwetu. Shangazi alikuwa amekata magauni ya mama miraba na pembetatu, sisi watoto tuunge blanketi. Nikachukua kipande cha kwapani, nikakitia puani nitafute jasho la mama. Nikakuta sabuni.

"Unanusa nini kama mbwa? Shona."

"Umeyafua, shangazi?"

"Ulitaka ujifunike uchafu?"

Nikashona. Blanketi lilikuwa na joto, ila ndani yake nilikuwa peke yangu.

Nyumbani kwangu nimeshaamuru: siku nikifa, nguo zangu zisiguse maji mpaka kila mtoto achukue yake.